Mashua ndogo ya tanga ya Ziwa Kivu: anza chini, kabini itakuja nyuma

Mtu akianza kutafuta mashua ndogo ya tanga, zile za zamani za mita saba ao nane zenye ziko na kabini ya kulala, anaanzaka na picha za ndani. Anahesabu vitanda, anaangalia fasi ya kupikia, anauliza kama mtu mrefu anaweza simama bila kugonga kichwa, anaona mbao zinang'aa na roho imeshaenda. Naelewa, picha za ndani njo zinauzaka mashua tangu zamani. Lakini mashua inaharibikiaka kwenye mkuku, yaani ule mgongo wa chini wenye kubeba uzito, inaharibikia kwenye mguu wa mlingoti, kwenye sitaha yenye ilikunywa maji miaka na miaka, na vyote hivyo picha haionyeshi. Njo maana hapa tutaanzia chini tupande, ile ya vitanda tutaiongelea nyuma, na kila fasi nitasema ile inatuhusu sisi wa Bukavu na Goma, juu ziwa letu siyo bahari na mambo mengi yanabadilika.

Ukienda kuangalia mashua beba tochi ya nguvu, turnavisi yenye mshiko wa plastiki, kisu chembamba, kioo kidogo cha kuonea nyuma ya vitu, vitambaa vikavu na bashi kubwa. Tena enda na mtu mwenye hana haraka ya kununua.

Sasa mashua gani tunaongelea. Mama wa baadhi yao ni Folkboat ya Scandinavia, ilitokea kwenye shindano la kuchora mashua ya bei ya chini kwa watu wa kawaida, majaji hawakupata mshindi mmoja wa kweli, wakachukua mawazo mazuri ya michoro mbalimbali na Tord Sundén wa Uswidi akayachora pamoja, ya kwanza ikaingia majini 1942. Urefu mita 7.68, upana mita 2.20, inazama mita 1.2 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni chuma cha mkuku. Ile ya asili ni ya mbao zenye kupandana, kila ubao unalalia mgongo wa ubao wa chini yake. Halafu 1966 kule Uingereza David Sadler na Jeremy Rogers wakachukua lile wazo wakalifanya kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, ikazaliwa Contessa 26, mita 2.29 ya upana, tani mbili na nusu hivi, na njo hiyo Tania Aebi alizunguka nayo dunia, alitoka New York 1985 akiwa na miaka 18 akarudi 1987. Uswidi wakaleta Albin Vega ya Per Brohäll, mita 8.25 kwa 2.46, zilijengwa zaidi ya 3,000, na Matt Rutherford alizunguka Amerika zote mbili peke yake bila kusimama, 2011 mpaka 2012, ndani ya Vega ya zamani. Tena kuko Westerly Centaur ya Uingereza, 1969 mpaka 1980, yenye iko na mikuku miwili kushoto na kuume, na Catalina 22 ya Marekani yenye mkuku unapandishwa na kushushwa kwa kamba ya chuma. Kuko zingine mingi, lakini ukielewa hizi tano umeelewa karibu zote, juu kila moja ilijibu swali lake na ukijua swali unajua fasi gani ya kuangalia.

MKUKU

Hapa tutakaa sana, juu kosa la hapa haliponi kwa rangi.

Folkboat na Contessa ziko na mkuku mrefu, unaanza karibu mbele unakwenda mpaka nyuma na usukani umeshikwa hapo hapo nyuma yake. Faida yake mashua inakwenda moja kwa moja hata ukiacha usukani kidogo, na ukigonga gogo ao jiwe, usukani uko nyuma ya ukuta, hauvunjike ovyo. Hasara yake kugeuka fasi ndogo ni kazi, kurudi nyuma na moteri ni kazi zaidi, na mashua ya namna hiyo ukiivuta ku nchi kavu inalala ubavu kama haukuitengenezea kitanda cha mbao kabla. Sisi tumezoea kuvuta mashua za mbao kwa magogo na vijana wengi, chini yake ni pana, inakubali. Tani mbili na nusu zenye zimesimama juu ya mfupa mmoja hazikubali vile, kwa hiyo kabla ya kununua ya mkuku mrefu jua kwanza nani atakutengenezea kile kitanda na utaivutia fasi gani.

Uzito wa mkuku unakuwaka wa fonti ao wa risasi, na unashikwa kwa njia mbili. Ya kwanza umefungwa ndani ya faiba ile ile ya mashua, hakuna buloni ya kuoza, nzuri, lakini kama chini iligonga mawe na maji yakaingia, fonti inashika kutu inavimba inapasua kila kitu toka ndani. Gonga na mshiko wa turnavisi toka mbele mpaka nyuma, pole pole, sauti kavu ni sawa, sauti ya tupu ao ya kitu kilicholowa simama hapo uangalie. Ya pili umefungwa na buloni kubwa toka chini. Fungua sakafu ya kabini uone vichwa vyao: kutu ya juu juu inapanguswa, lakini nyuzi zikiwa zimeliwa na nati imekuwa ndogo, buloni ile itoshwe ipimwe, muuzaji akikataa bei ishuke sana ao uende zako. Nje angalia pale mkuku na mwili vinakutana. Mstari mwembamba wa rangi uliopasuka mara nyingi siyo neno, lakini mstari wenye unalia maji ya kahawia siku tatu nyuma ya kutolewa ziwani, hilo neno kubwa.

Centaur iko na ugonjwa wake wenye watu wake wote wanaujua. Mikuku yake miwili imetanuka kwenda nje, na kila wimbi linaisukuma sawa mtu anayetikisa meno, basi faiba ya pale juu inachoka, inapasuka kwa ndani. Inua vitanda vya katikati uangalie kama kuko mbavu za faiba zilizoongezwa kushika pale. Kama zimeongezwa na fundi mzuri, Centaur ni mashua ngumu ya maisha marefu. Watu wa Uingereza wanaipendaka sana juu bahari yao inakauka saa za maji kupungua, mashua inabaki imesimama yenyewe kwa miguu miwili. Ziwa letu halipungui vile kila siku, kwa hiyo ile sifa kubwa ya Centaur kwetu inabaki ndogo: inasaidia ukiipandisha nchi kavu, na inakuruhusu kuingia kwenye vighuba vya maji mafupi juu inazama santimita 90 tu. Lakini usiisimamishe kwenye mawe ya volkano upande wa Goma, yale mawe yanakata sawa msumeno na mguu mmoja ukikosa jiwe uzito wote unabakia kwa mwingine.

Catalina 22 ni jambo lingine. Mkuku ukiwa juu inazama santimita 60, ukiwa chini mita moja na nusu, na mashua yote ni tani moja na kidogo, watu na trela wanaweza kuitoa majini bila kreni. Kwa sisi wenye kreni haiko kila fasi, hiyo siyo faida ndogo. Angalia ile pini yenye mkuku unazungukia, shika ncha ya mkuku utikise kushoto na kuume, kama inapiga kelele na kuyumba sana tundu limeshakuwa pana. Angalia ile kamba ya chuma uzi kwa uzi, moja ikiwa imekatika badilisha yote, juu mkuku ukianguka ghafla unaweza pasua chini. Na ukumbuke uzito wake wa chini ni karibu kilo 250, haufanane hata kidogo na ule wa Folkboat, ilichorwa kwa maziwa na pwani za karibu, siyo kwa kupigana na wimbi usiku.

Sisi hatuhitaji mtu atufundishe maana ya mashua kupinduka, bado tunalia watu wetu waliozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024. Uzito ukiwa chini mashua inarudi, uzito ukipandishwa juu inakwenda. Mashua ndogo ya tanga yenye mkuku mzito ilichorwa irudi ikilala, lakini ukipakia watu kumi na mifuko juu ya sitaha umeufuta ule mchoro wote. Hizi zote ni za watu wawili, watatu, wanne, na jile ya kuelea kwa kila mtu.

MWILI NA SITAHA

Mashua za faiba za miaka ya 60 zilijengwa nene, juu mafundi wa wakati ule hawakuwa bado wanaiamini ile faiba, basi wakazidisha. Hiyo inatusaidia. Mwili wa Contessa ya kwanza kwanza unaweza kuwa mgumu kuliko wa mashua mpya yenye kung'aa. Lakini kuko vipele. Maji yanapenya pole pole chini ya rangi ya juu, yanakutana na vitu vya rezini visivyokauka vizuri, yanafanya uvimbe mdogo, ukitoboa unatoa maji yenye harufu ya siki. Watu wanafikiriaka hiyo ni ya bahari tu. Hapana, maji yasiyo na chumvi yanapenya hata zaidi, na ya moto kidogo sawa yetu zaidi tena, kwa hiyo mashua ya kukaa majini mwaka mzima hapa inahitaji chini ipakwe epoksi, ile gundi ngumu ya kuzuia maji, mbele haijaingia. Vipele vichache vidogo visikukimbize, ni kazi ya kusugua, kukausha na kujaza. Chini yote ikiwa imejaa, hesabu miezi ya kukausha.

Kwa mbao ni kinyume cha ile watu wanadhani. Chumvi inalindaka mbao, mvua njo inaiozesha. Folkboat ya mbao yenye iliishi baharini ikaletwa Bukavu kwenye mvua ya mwezi wa 9 mpaka wa 5 itaoza toka juu kushuka: pembe za kabini, chini ya madirisha, miguu ya mbavu pale maji yanasimama. Ingiza ncha ya kisu pole pole kwa ndani fasi zenye giza, mbao nzima inakukatalia, mbao iliyooza inakupokea. Alama nyeusi kuzunguka msumari inasema chuma na mbao vimeanza kulana. Ubao wa kwanza kabisa ukutanao na mkuku, huo uangalie mara mbili. Kama ni mashua iliyojengwa hapa hapa, uliza mbao gani: libuyu ao muvula vinakaa, eukaliptusi inapasuka ikikauka na kalafati, yaani vile vya kuziba kati ya mbao, inaanza kutoka, hata fundi akiwa hodari namna gani.

Sitaha sasa. Nyingi za faiba sitaha yake ni ngozi mbili nyembamba na katikati kuko balsa, mbao nyepesi sana, ao tripleksi, ili iwe nyepesi na ngumu. Pearson Triton ya Marekani, mchoro wa Carl Alberg wa 1959, moja ya zile za kwanza za faiba kujengwa kwa wingi, mwili wake ni faiba tupu lakini sitaha ni balsa, na mpaka leo mwili unapona na sitaha inaleta taabu. Maji yanaingiaka kwa matundu ya visi na buloni zenye hazikuzibwa vizuri, balsa inakuwa uji. Tosha viatu, tembea sitaha yote kwa visigino, usikilize mguu. Pale panalegea ao panatoa sauti ya maji, weka alama na chaki, halafu simama mbali uone alama zinafanya picha gani. Kama ziko kuzunguka nguzo za pembeni tu, inafanyika, unafungua kipande kipande. Kama zimefika chini ya mlingoti, hapo muulize muuzaji vizuri.

Juu mguu wa mlingoti njo fasi ya pili ya kufa. Nyaya za mlingoti zinavuta juu, mlingoti unasukuma chini, nguvu ni tani. Kwa Vega mlingoti umesimama juu ya sitaha na chini yake kuko boriti ya kuubeba, na kwa nyingi ile boriti imeshalegea kidogo. Unaijua namna gani? Sitaha imebonyea kuzunguka mguu, mlango wa choo unakwama, nyaya zimekazwa mpaka mwisho na bado zinacheza. Inatengenezeka kwa boriti ya nguvu zaidi, na imeshafanyika kwa mashua mingi, lakini ni lazima ifanyike mbele ya kuleta mashua fasi yenye hakuna fundi wa ile kazi. Halafu vile vyuma vinashika nyaya pembeni: viangalie toka ndani ya kabini, machozi ya kahawia kwenye mbao yanasema maji yanapita pale. Pitisha kitambaa kwenye nyaya zote, uzi mmoja ukishika kitambaa, ile waya kwisha kazi. Nyaya zenye umri wa miaka ishirini badilisha tu, hata kama zinang'aa.

Usukani shika kwa nguvu utikise. Basi.

NDANI

Tumefika kwa vitanda. Mpango wa ndani wa mashua za namna hii ni karibu mmoja: mbele kitanda cha pembe tatu, halafu ukuta na choo kidogo, katikati viti viwili virefu vyenye vinakuwa vitanda usiku, karibu na mlango wa kutokea fasi ya kupikia. Tofauti yote inatoka kwa umbo la nje. Folkboat ya asili unakaa tu, hausimami, vitanda viwili na kabati, na kokpiti yake kubwa, ile fasi ya wazi ya nyuma ya kukaa na kushika usukani, haitoe maji yenyewe, mvua yote inakwenda chini ya sakafu, kwa hiyo bashi na pampu ni sehemu ya mashua. Contessa ni nyembamba, mtu mrefu anainama, lakini unapoyumbishwa unajikuta kila mara umeshika kitu, hauna fasi ya kurushwa. Centaur tumbo ni kubwa, unasimama, iliuzwa na mipangilio ya ndani mbalimbali, kuko yenye meza upande na jiko refu upande mwingine, familia inapendaka. Catalina nyingi ziko na paa la kuinuka, ukifunga mashua kwenye ghuba unainua paa unapata hewa na urefu. Na kuko Flicka ya Bruce Bingham, mita sita tu lakini mtu anasimama ndani, unailipa kwa uzito wa zaidi ya tani mbili na mwendo wa pole, juu urefu wa ndani haushuke mbinguni, unatoka kwa ukuta mrefu wenye upepo utausukuma.

Sasa uliza safari yako ni gani. Mashua yenye mita sita za kugusa maji, sawa Folkboat, mwendo wake mkubwa ni kilomita 11 kwa saa na haivuki pale kirahisi. Bukavu mpaka Goma kwa maji ni karibu kilomita mia moja. Ni siku nzima ya upepo mzuri, na upepo mzuri wa siku nzima ni wa nadra, kwa hiyo utalala kisiwa cha Idjwi. Usiku mmoja, mbili. Hauhitaji vitanda sita, unahitaji viwili vizuri vya katikati, virefu, vyembamba, na kitambaa cha pembeni cha kukuzuia kuanguka, kokpiti ya kukaa watu wanne bila kukanyagana, na fasi kavu ya nguo. Kile kitanda cha mbele kwenye mawimbi hakuna mtu anakilalia, kinakuwaka stoo ya matanga. Njo maana mimi nasema wazi: kwa ziwa hili, kati ya mashua mbili za bei moja, chukua yenye kokpiti nzuri na sitaha kavu, acha yenye kabini ya fahari.

Hewa. Nyingi ya hizi zilichorwa kwa fasi za baridi, madirisha madogo yasiyofunguka, tundu moja mbele. Hapa unataka lile tundu la mbele lifunguke kweli kweli na lielekee upepo, na mapengo juu ya milango ya makabati, bila hiyo ndani kunaota ukungu mu wiki mbili.

Jiko nalisema kwa uchungu. Mbabula ya makala isiingie kabini, hata kidogo, hata kwa kupasha chai mvua ikinyesha, ile hewa ya makala inaua mtu amelala bila kumuamsha. Gazi ya chupa nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini ya sakafu inangojea cheche, chupa ikae nje kwenye sanduku lenye tundu la kutolea majini. Na watu wa upande wa Goma na Sake mnajua mazuku: ile hewa mbaya ya volkano yenye kuua inakaa fasi za bonde, kabini ni shimo, msipandishe mashua kwenye kibonde cha pwani halafu mtu alale ndani kuilinda.

Choo cha kumwaga ziwani kitoshwe. Wamama wanachota maji pale pale. Weka kile cha kubeba chenye tangi yake.

KUILETA HUKU

Hii watu wanaisahauka mpaka pesa imeshatoka. Mlango wa kontena ni mita 2.34 ya upana. Folkboat ya 2.20 inapita, Contessa ya 2.29 inapita kwa kukwaruza, lakini pima tena urefu toka chini ya mkuku mpaka juu ya kabini na uombe kontena lile refu la kwenda juu. Vega ya 2.46 na Centaur ya mita 2.5 na zaidi hazipiti, hizo zinakwenda wazi juu ya lori toka Mombasa ao Dar es Salaam, na barabara, mipaka na karatasi ni zile mnajua. Kwa watu wengi kile kipimo kimoja njo kinachagua mashua.

Ikishafika, mambo matatu madogo. Tuko mita 1,460 juu ya bahari, moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja juu ya saba ya nguvu, kwa hiyo ya farasi 6 usiitegemee sawa ya farasi 6. Hewa yenyewe ni nyepesi karibu asilimia 13, tanga linasukumwa kidogo kuliko baharini kwa upepo ule ule, ila siku za upepo wa kusini wa mwezi wa 6 mpaka wa 8 ao dhoruba ya mvua inayoshuka toka milimani ghafla, hautalilia tanga kubwa, uwe na kamba za kulipunguza zimeshafungwa kabla ya kutoka. Na vile vipande vya zinki vya kulinda vyuma baharini, hapa maji yetu hayavitumii vizuri, weka vya manyeziumu.

KAMA UNATAKA KUJENGA

Vijana wananiuliza kama fundi wa hapa anaweza kujenga Folkboat. Fundi anaweza, lakini chuma cha mkuku cha tani moja kitasubiwa wapi? Mimi naona njia yetu nzuri ni ile ya James Wharram, mashua za miili miwili za tripleksi na epoksi, sawa Tiki 21 ya mita 6.4, hazina mkuku mzito, zinazama chini ya nusu mita, miti ya kuunganisha inafungwa kwa kamba siyo kwa buloni. Mwingereza Rory McDougall alijijengea moja akazunguka dunia nayo miaka ya 1990. Na wavuvi wetu wa sambaza wanafungaka pirogi tatu na miti mirefu kila jioni, akili ya kile kitu iko hapa tayari. Mpango wa ndani ni wa kujinyima: kila mwili kitanda kimoja chembamba, maisha yote ni juu, kwenye sitaha ya katikati. Ila ikipinduka hairudi yenyewe, usilisahau.

Tripleksi usinunue kwa macho. Kata kipande cha kiganja, kichemshe mu sufuria saa nyingi, kikaushe, kichemshe tena. Karatasi zake zikiachana ni ya plafo, haiko ya mashua. Na pembe zote zilizokatwa zikunywe epoksi mpaka zishibe mbele ya rangi, juu tripleksi inaozaka toka pembeni.

MAJINI

Usilipe kabla haijakaa majini. Toka na tanga siku yenye upepo, siyo asubuhi ya kioo, ipandishe kwenye upepo upande mmoja halafu mwingine. Usukani ushikike kwa mkono mmoja tu. Ingia kabini inapolala ufungue na kufunga kila mlango, wenye ulifunga vizuri bandarini na sasa unakwama unakuonyesha mwili unajipinda fasi gani. Sikiliza pale mlingoti umesimama. Angalia nyaya za upande wa chini ya upepo, kulegea kidogo ni kawaida, kuning'inia hapana.

Halafu jaribio la usiku. Baharini mtu akiona maji chini ya sakafu anayaonja: chumvi imetoka chini, bila chumvi ni mvua. Sisi yote ni matamu, ulimi hausaidie. Kwa hiyo jioni kausha chini ya sakafu mpaka vitambaa vitoke vikavu, funika mashua yote na bashi, mbele mpaka nyuma, mlingoti ufungwe kitambaa pale unapoingia sitaha, na uiache imefungwa kwenye boya bila mtu ndani. Asubuhi kabla ya kutosha bashi inua sakafu. Ukikuta maji ni ya ziwa, yafuate na karatasi kavu toka fasi ya chini ukipanda mpaka uone pa kwanza palipolowa: buloni ya mkuku, bomba la kutolea maji, shimo la shafti, ao ubao wa kwanza. Ukikuta pakavu, tosha bashi, ngojea mvua moja kubwa na uinue sakafu tena.